Kanula ya pinki na dakika mbaya ya upasuaji

Wodini walishamwekea mgonjwa kanula (kimpira kifupi kinachoachwa ndani ya mshipa) na dripu ilikuwa inakwenda, kwa hiyo sikujisumbua. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi ya kutoa dawa ya usingizi, saa nane za usiku, na mama aliyekuwa mezani kondo la nyuma lilikuwa limekaa juu ya mlango wa kizazi. Alikuwa na kanula moja tu: ya pinki, geji 20 (geji ni kipimo cha upana), juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mtoto alitoka analia vizuri. Muda si mrefu damu ikawa sakafuni, namba ya juu ya presha iko chini ya 70, nami naikamua chupa kwa mikono miwili huku matone yakishuka kama yana siku nzima. Nikatafuta mshipa mwingine, yote ilikuwa imeshanywea. Mama alipona, lakini ni baada ya watu wanne kumhangaikia na kanula kupatikana shingoni kwa jaribio la tatu.

Siku hizi siulizi mgonjwa atahitaji maji kiasi gani. Nauliza ile dakika mbaya kuliko zote itakuwaje, na kanula nachagua kwa ajili ya dakika hiyo.

Chukua pakiti ya kanula uisome, mililita kwa dakika zimeandikwa palepale. Viwanda hutofautiana, ila kwa makadirio geji 20 hupitisha kama 60, ya kijani geji 18 kama 90, ya kijivu geji 16 kama 180, na ya chungwa geji 14 hufika 240 na zaidi. Hayo ni maji, yamepimwa maabara. Damu ni nzito, na ikitoka kwenye friji ni nzito zaidi. Sasa weka kando namba nyingine: mimba ikikomaa, mfuko wa uzazi hupitisha damu kama mililita 500 hadi 700 kila dakika. Pinki ingefanya nini pale?

(Wanafunzi huchanganywa na namba kupanda huku kanula inapungua. Geji tumeirithi kwa mafundi wa waya wa Uingereza, ambao waya wao ukiwa mwembamba ndivyo namba inavyopanda. Ukikosa pa kuishika, shika rangi.)

Nguvu iko kwenye upana. Hesabu aliyoiacha Mfaransa Poiseuille inasema ukiuongeza upana wa bomba mara mbili, mtiririko unaongezeka mara 16. Kanula halisi haifiki huko kwa sababu mpira wa dripu nao unazuia, lakini mwelekeo ni huohuo. Urefu nao hurudisha nyuma, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani laini, yaani mpira mrefu mwembamba wa kwenye mshipa wa shingoni wenye midomo mitatu, ndiyo mkombozi wa mgonjwa anayevuja damu. Laini ile naipenda kwa dawa kali za kupandisha presha. Kwa kumimina damu, kanula fupi ya kijivu mkononi inaishinda.

Basi kwa upasuaji ninaouhofia, kama kondo lililotangulia, kizazi kilichochanika, wengu uliopasuka au uvimbe mkubwa tumboni, naweka mbili za geji 16 kabla kisu hakijagusa ngozi. Ya chungwa siiabudu. Geji 16 iliyokaa vizuri ni bora kuliko geji 14 iliyopasua mishipa miwili mizuri.

Naziweka mikononi, si miguuni. Damu ikiwa inavuja tumboni au kwenye nyonga, unachomimina mguuni kinapita njia ileile iliyotoboka, na kwa mjamzito mfuko wa uzazi unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kitambaa cha presha nakifunga mkono ambao hauna laini yangu kuu, maana kila kikijaa upepo dripu inasimama. Na mkono ukifunikwa na mashuka naacha pa kuchungulia: nimewahi kuona lita nzima imeishia chini ya ngozi, mkono umevimba kama mkate.

Halafu angalia njia nzima. Geji 14 ukiifungia kiungo chembamba cha kuchomea dawa, umeigeuza pinki. Ning'iniza chupa juu, tumia mpira wa kupitishia damu, na ukiwa na mfuko wa kubania chupa, usiuvalishe kamwe chupa ya plastiki iliyochomwa sindano ya kuingiza hewa. Maji yakiisha, kinachofuata kwenye mshipa ni hewa.

Kwa mgonjwa aliyekauka nina hila moja. Naanza na kanula ndogo nyuma ya kiganja, naacha glavu imefungwa juu ya kiwiko, nasukuma mililita 50 au 100 taratibu. Mishipa ya mkono wa mbele inaamka yenyewe, nami naingiza ya kijivu.

Juzi mama mmoja aliiona ikitoka kwenye pakiti.

"Daktari, hiyo si ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe kubwa kuliko hii, mama. Kwanza nakuchoma kaganzi kadogo, utasikia kama mdudu."

Akafumba macho. Nilipomaliza ya pili akauliza kama naanza saa ngapi.