Je, wajua kwa nini nyumba ya kulelea watoto hutakiwa iwe na mtu wa kusema "haya, nenda"?

Mtoto wa miaka kumi na mbili anarudi skuli, anavua viatu mlangoni, anasema: "Mama, Jumamosi kina Zuhura wanakwenda Jambiani kwa bibi yao. Na mimi niende?" Mama yuko jikoni, kakalia mbuzi anakuna nazi. Hainui hata kichwa. Anauliza wanakwenda na mkubwa gani, gari ya nani, na watarudi saa ngapi. Halafu anasema: "Haya, nenda. Lakini magharibi isikukute njiani." Nazi haijesha, ruhusa imeshatoka.

Mtoto huyohuyo sasa muweke katika nyumba ya kulelea watoto, aulize swali lilelile. Mlezi wa zamu atamwambia amngoje mkuu wa nyumba. Mkuu atasema hilo si lake, lazima ofisi ya ustawi wa jamii iandikiwe. Barua itaandikwa, itapelekwa, itakaa mezani. Jibu likija Jumatano, kina Zuhura wamesharudi kutoka Jambiani siku nne nyuma na wamemaliza kusimulia.

Hapa hakuna mtu mwenye roho mbaya. Kuna maneno matatu tu ambayo kila Mzanzibari anayajua: mtoto wa watu. Wako akianguka mnazini utalia naye na jirani atakupa pole. Mtoto wa watu akivunjika mkono utaulizwa ulikuwa wapi, nani alikwambia umruhusu, na karatasi iko wapi. Kwa hiyo mlezi anajikinga, na kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kusema hapana. Kila hapana moja ina sababu yake nzuri. Zikikusanyika miaka kumi, mtoto amelelewa ndani ya uzio.

Marekani walilikuta jambo hili wakalitungia sheria. Huko mtoto aliyeondolewa kwao huwa chini ya mamlaka ya jimbo, na mara nyingi jimbo halimlei lenyewe. Hufunga mkataba na taasisi binafsi, zikaendesha nyumba za pamoja kwa malipo ya serikali. Mlezi anayeishi na mtoto alikuwa hana sauti. Mwenye sauti yuko ofisini, na faili lake lina watoto wengi. Watoto walikuwa wakikosa ziara za skuli, timu za mpira, hata kulala usiku mmoja kwa rafiki, kwa sababu saini haijapatikana.

Mwezi Septemba 2014 ikatiwa saini sheria iliyoleta kipimo kipya: mlezi aamue kama ambavyo mzazi mwenye busara na tahadhari angeamua, aangalie usalama wa mtoto na pia haja yake ya kukua. Kwa nyumba za pamoja wakaongeza sharti ambalo mimi naliona ndilo kiini cha yote. Mkataba lazima uitake nyumba iwe na angalau mtu mmoja aliyepo palepale, aliyefunzwa, aliyekabidhiwa madaraka ya kusema ndiyo. Si simu ya mjini wala bodi inayokutana kila robo mwaka. Mtu ambaye mtoto anaweza kumfuata jikoni.

Na hofu ya "mtoto wa watu" nayo haikuachwa. Sheria ililitaka kila jimbo liweke utaratibu kuhusu dhima ya mlezi na ya taasisi yenye mkataba, ili aliyeamua kwa busara asibebeshwe mzigo usio wake litokeapo la kutokea. Ukitaka mtu aache kujificha nyuma ya barua, kwanza muondolee kinachomfanya ajifiche.

Lakini kwa nini safari ya Jambiani iwe jambo la kutungiwa sheria? Si wanakula, wanavaa, wanasoma?

Jibu zito kuliko yote lilitoka Romania. Baada ya utawala wa Ceaușescu, rais wa nchi hiyo, kuanguka mwaka 1989, dunia iliona majumba makubwa yaliyojaa watoto. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 wa Bucharest, mji mkuu, waliokuwa wakiishi kwenye taasisi, wa umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa bahati nasibu, nusu yao walipelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea kwa utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwenye familia walipiga hatua katika akili na katika kushikamana na mtu, hasa waliotoka kabla ya kufika miaka miwili. Chakula kwenye taasisi kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja, yuleyule kila siku, anayemjua huyu mtoto kuwa ni huyu. Walezi walipishana kwa zamu, na mtoto hawezi kumpenda mtu wa zamu.

Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka nyumba ziwe ndogo, zifanane na familia, na ziwe na walezi wa kutosha ili mtoto apate wa kushikamana naye. Inataka ndugu wasitenganishwe, na walio chini ya miaka mitatu walelewe kwenye familia. Inasema umasikini peke yake usiwe sababu ya kumuondoa mtoto kwao, na hali ya kila mtoto iangaliwe upya, ikiwezekana kila miezi mitatu, isijekuwa kakaa tu kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Inataka pia awekewe kitabu cha maisha yake, chenye picha na vitu vidogo vya kumbukumbu, na mwenyewe ashiriki kukitengeneza. Mtoto wa nyumbani hana haja nacho, maana mama yake ndiye kitabu: "Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiogopa kunguru." Wa kwenye nyumba ya pamoja, nani amkumbushe kunguru?

Kuna sharti jingine humo ambalo kila Sikukuu linanirudia: mtoto asitambulikane kirahisi kuwa analelewa nje ya kwao. Nimesimama Mnazi Mmoja jioni ya Idi, watoto wanagombea bembea, mikono ina rangi ya ubuyu, wakapita wasichana kama kumi wamevaa kitambaa kimoja, mshono mmoja. Walipendeza sana. Na kila aliyekuwepo alijua wanatoka wapi. Mtu aliyenunua jora lile alitoa kwa moyo safi, Mungu amlipe. Lakini mmoja katika wale wasichana alikuwa akiivuta shela yake mbele, aifunike gauni. Vipande kumi vya vitambaa mbalimbali, au fedha na ruhusa ya kwenda dukani kujichagulia, vingegharimu usumbufu kidogo tu.

Sisi hapa tuna mizizi ya kuanzia. Mtoto akifiwa, shangazi, mama mkubwa au bibi humchukua, na hakuna anayeliita hilo mradi. Kafala ya Kiislamu, kumlea mtoto bila kumuondoa kwenye nasaba yake, imetajwa kwa jina katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Zanzibar ina Sheria ya Watoto Namba 6 ya 2011, ambayo mwaka 2015 ilipewa tuzo ya dhahabu ya sera bora kimataifa. Na kijiji cha watoto cha SOS kipo Unguja tangu mwaka 1991, kwa mtindo ulioanzishwa na Hermann Gmeiner katika mji wa Imst, Austria, mwaka 1949: nyumba moja, mama mmoja, watoto wachache wanaoitana kaka na dada. Pahala penye mama, swali la Jambiani lina wa kuulizwa.

Kutoa ruhusa hakuna maana ya kufungua geti na kugeuka upande wa pili. Yule mama wa mbuzi ya nazi aliuliza maswali matatu kabla ya kusema haya. Mlezi naye ana yake: umri wa mtoto, tabia yake, aliyowahi kupitia, nani anakwenda naye. Huandika kwenye daftari kaenda wapi, na nani, na saa ya kurudi. Kama mtoto ana jamaa Pemba, humsindikiza bandarini na kumpigia simu atakayempokea kwenye bandari ya Mkoani. Na kosa akilifanya, adhabu isiwe kumzuia kuonana na ndugu zake. Miongozo imelikataza hilo waziwazi.

Mwisho wa uzio huonekana siku ya miaka kumi na minane. Kijana anatoka na begi na cheti. Hajui kituo cha daladala, kwa sababu siku zote alipanda gari ya nyumba. Hajawahi kusimama soko la Darajani akabishana bei ya changu, kwa sababu samaki walikuja wameshanunuliwa. Hana nyumba hata moja mtaani ambayo anaweza kubisha hodi akaambiwa "karibu, ingia ule." Marafiki kama kina Zuhura hupatikana Jumamosi kama zile, na zake zote zilipita barua ikiwa mezani.

Mwezi wa Ramadhani wengi wetu hubeba mchele, tende na mafuta kupeleka kwenye nyumba hizi. Ukifika, baada ya salamu na kabla ya kupiga picha, ambayo bora usiipige, muulize mwenyeji kwa heshima: hapa anayemruhusu mtoto kwenda kwa rafiki yake ni nani, na leo yupo?