Uwanja wa gofu ukifungwa mtaani, anzeni na hatimiliki

Wakazi wengi hutujia wakiwa wamechelewa. Hutuonyesha picha kwenye simu: trekta linaparura nyasi, miti imeng'olewa, mabati yamezungushwa usiku. Kisha huuliza kama mradi wa ujenzi kwenye uwanja wa gofu uliofungwa bado unaweza kusimamishwa. Wakati mwingine unaweza. Lakini barua moja iliyofika mapema ingefanya kazi kubwa kuliko maandamano ya siku ile, ndiyo maana nawaandikia wenzangu wa Nakuru, na majirani wetu wa Kisumu, Kericho, Kitale na Kakamega. Miji hii yote ina viwanja vya gofu vya tangu enzi za ukoloni. Sisemi kuna kinachouzwa. Nasema mjiandae kabla hakijauzwa.

Kuna jambo gumu kulisikia: kuishi kando ya nyasi hakukupi haki juu ya nyasi hizo. Huko Marekani, ambako kwa miaka mingi tangu 2006 viwanja vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa, watu walionunua nyumba kwa ajili ya mandhari waligundua kwamba mandhari hayakuandikwa popote kwenye hati zao. Hapa kwetu pia, pingamizi linalosema "tumezoea kuona kijani" halifiki mbali.

Kwa hiyo nendeni ofisi ya ardhi mkafanye sachi, yaani mkague rekodi za umiliki. Angalieni kama ardhi ni ya lisi, yaani imekodishwa kwa muda maalumu, lisi inakwisha lini, na masharti yake yanasemaje. Ikiwa matumizi yaliyoandikwa ni ya michezo, mwenye ardhi hawezi kupandisha maghorofa kabla ya kuomba kubadilisha matumizi. Na ikiwa muda umekwisha bila kuongezwa, swali la nini kijengwe linasubiri. La kuulizwa kwanza ni ardhi sasa ni ya nani.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji atangaze mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Someni vibao vilivyotundikwa kwenye ua na kurasa za matangazo magazetini. Siku zinazotajwa huwa chache.

Sasa mwandike nini? Andikeni kuhusu maji. Tuchukue uwanja wa ekari 60, ukubwa wa kawaida kwa gofu ya mashimo tisa. Mvua ya milimita 25 ikinyesha alasiri moja humwaga takriban lita 100,000 juu ya kila ekari. Kwa ekari 60 hizo ni lita milioni 6, yaani maboza 600 ya lita 10,000 kila moja. Nyasi na udongo hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, na yanayobaki huondoka taratibu. Paa, lami na kabro huyatema karibu yote kwa mkupuo, na yule wa bondeni ndiye anayeyapokea sebuleni. Nakuru imekaa kwenye mteremko unaotoka Menengai kwenda Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kuyatoa maji. Picha zenu za mafuriko ya masika yaliyopita, zenye tarehe na jina la barabara, zina uzito kuliko saini elfu moja zisizo na maelezo.

Ulizeni pia kuhusu udongo. Zamani viwanja vya gofu duniani vilipuliziwa dawa za ukungu zenye zebaki na za magugu zenye aseniki, na madini haya hukaa ardhini kwa muda mrefu. Kabla watoto hawajajengewa bembea pale, udongo upimwe. Ombi hilo lipelekeni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, wakati ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inapotangazwa kwa ajili ya maoni.

Kaunti ikiidhinisha mradi, mna siku 14 tu tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye jopo la kitaifa la rufaa za mazingira ndani ya siku 60. Kifungu cha 70 cha Katiba hakidai uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara, kwa hiyo hata mpangaji asiye na ploti anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira safi.

Mimi siamini kila uwanja uliofungwa ubaki kichaka. Watu wanahitaji nyumba. Ila kaunti inaweza kuidhinisha kwa masharti, na hapo ndipo chama cha wakazi kinapaswa kukaza: mabwawa ya kupokea maji ya mvua yachorwe kwenye ramani, na bustani ya umma ipimwe, ipewe namba yake na kukabidhiwa kaunti kabla ya nyumba ya kwanza kuuzwa. Bustani iliyo kwenye brosha pekee hugeuka maegesho.