Sili inayovuja makusudi

Vijana wanaotoka kwenye magari kuja kwenye injini za ndege huniuliza swali lilelile: mbona hii sili ya meno, kizuizi cha hewa na oili kwenye shafti, haigusi shafti? Wamezoea oili sili ya mpira, ikivuja unaing'oa. Hii haigusi kweli, na imeundwa ivuje.

Sili ya meno ni mfululizo wa kingo nyembamba kama makali ya kisu, zinazozunguka pamoja na shafti. Kati ya ncha ya jino na ukuta usiozunguka ulioizingira hubaki upenyo usiofika milimita moja. Hewa ikijipenyeza hapo inapata kasi, ikiingia kwenye uwazi ulio mbele inavurugika, na kasi ile inageuka joto. Kila jino linapunguza mgandamizo kidogo, hadi mwisho wa safu hewa inayopita ni kidogo.

Uvujaji huo una kazi. Kwenye chumba cha beringi tunaleta hewa ya kompresa, sehemu ya injini inayogandamiza hewa, nje ya sili, iwe na mgandamizo kuzidi ndani. Hewa inavuja kuingia, na oili haipati njia ya kutoka. Mgandamizo ukipinduka, oili inatoka, na abiria wanaweza kuinusa. Upenyo ukitanuka kupita kiasi, hewa ya moto inaingia kwa wingi na kuchemsha oili. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza hewa inavuja kuelekea wapi, ndipo niulize ni kiasi gani.

Upenyo wenyewe hautulii. Diski inayozunguka na shafti inatanuka kwa joto na kwa mzunguko, ganda la injini linatanuka kwa mwendo wake. Kwa hiyo ukuta huwekewa sega la chuma lenye vitundu kama la nyuki, au tabaka laini, jino likigusa likwangue mfereji badala ya kuvunjika.

Na likivunjika? Februari 2018 EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ilitoa agizo la dharura kuhusu baadhi ya injini za PW1100G za Pratt & Whitney kwenye ndege za Airbus A320neo, baada ya injini kuzimika angani na ndege kukatisha kuruka. Chanzo kilikuwa sili ya meno kwenye kitovu cha nyuma cha kompresa ya mgandamizo mkubwa. Ndege yenye injini mbili za kundi hilo iliachiwa mizunguko 3 tu ya kuruka na kutua.

Sili za brashi, zenye nyuzi za chuma zilizoinamia upande wa mzunguko, huvuja kidogo kuliko sili za meno na hukubali shafti ikiyumba. Ila nyuzi hulika, na ukizungusha shafti kinyume unaziharibu. Mkiigeuza rota, yaani shafti na vinavyozunguka nayo, kwa mkono karakanani, ulizeni kwanza inaelekea wapi.