Kupoza Miguu ya Farasi Baada ya Mbio

Farasi akitoka kwenye mazoezi ya shoti, macho yote huenda shingoni na kifuani panapochuruzika jasho, na maji humwagwa huko kwanza. Ni sahihi, maana joto la mwili mzima ndilo linaloweza kumuua. Lakini liko joto jingine lisiloonekana, lililojifungia ndani ya kano za miguu ya mbele, nyuma ya mfupa ulio kati ya goti na kifundo.

Chini ya goti la farasi hakuna nyama ya misuli ya kutajika. Kuna mfupa, kano na ngozi. Ile kano ndefu ya nyuma hufanya kazi kama springi: mguu ukikanyaga kano huvutika, ukinyanyuka hujirudi. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hurudishwa kwenye mwendo, ila kiasi cha asilimia 5 hadi 10 hugeuka kuwa joto. Damu inayopita katikati ya kano ni chache, hivyo joto hilo halina wa kulibeba. Vipimo vilivyochukuliwa ndani ya kano ya farasi anayekimbia shoti vimefika nyuzi 45 za Selsiasi, ilhali mwili wa farasi aliyetulia huwa na nyuzi 37.5 hadi 38.5. Seli za kano ni sugu na hazifi kwa mbio za siku moja. Wasiwasi ni marudio, wiki baada ya wiki, huku kiini cha kano kikidhoofika kimyakimya.

Kwa hiyo kwa miguu, jambo la kwanza si maji. Ni kuvua bendeji na kinga za miguu mara tu farasi anaposimama. Zinazuia hewa isipite na kulifungia joto ndani, na kila dakika zinazobaki mguuni ni hasara.

La pili, kagua mguu kabla ya kuupoza. Watu wengi huliruka hili. Baridi hutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, kwa hiyo ukianza na barafu unaficha dalili uliyopaswa kuiona. Pitisha mgongo wa kiganja nyuma ya miguu yote miwili ya mbele. Baada ya mbio yote itakuwa na joto. Unachotafuta ni tofauti kati ya mmoja na mwenzake. Kisha nyanyua mguu, ukunje, na ubonyeze kano taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, ukishuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Kano nzima huhisika kama kamba iliyosokotwa vizuri, kingo zake wazi. Pakiwa na sehemu laini inayobonyea, au farasi akauvuta mguu kila unapofika mahali palepale, usimrudishe mazoezini.

Sasa maji. Mpira wa maji unatosha kabisa iwapo una subira. Acha kwanza maji yaliyokaa juani ndani ya mpira yatoke, kwani huwa ya moto. Anzia kwenye ukwato, upande polepole hadi gotini ili farasi asishtuke, kisha elekeza maji nyuma ya mguu, ziliko kano. Dakika 15 hadi 20 kwa mguu. Dakika 2 hupoza ngozi tu: ukiigusa inakuwa baridi, unaridhika, na kiini cha kano bado kinachemka.

Maji yenye barafu yana nguvu zaidi, kwa sababu mchanganyiko huo hubaki karibu na nyuzi 0 mpaka barafu iishe kuyeyuka, na hugusa kila upande wa mguu, jambo ambalo kifuko cha barafu hakiwezi. Nusu maji, nusu barafu, dakika 20. Ndoo ya kawaida haifai sana: huishia kwenye kifundo, na kano inayoumia zaidi iko juu yake. Tumia chombo kirefu cha mpira kinachokaribia goti, kisicho na mkono wa kushikia, maana farasi akishtuka mguu hunasa hapo. Usitie chumvi. Barafu yenye chumvi hushuka chini ya nyuzi 0 na inaweza kuunguza ngozi. Kama una kifuko cha barafu pekee, tanguliza taulo lililolowa.

Udongo wa kupaka miguuni hupoza kwa kukauka, na hupoza kidogo tu. Ukiufunika kwa plastiki hauwezi kukauka, basi unabaki kuwa blanketi. Bendeji iliyolowa inayoachwa mguuni usiku kucha nayo ni kosa lilelile. Ukimaliza kupoza, kausha mguu, hasa lile bonde lililo nyuma, chini ya kifundo. Unyevu wa kila siku hapo huleta mipasuko na vidonda vya ngozi.

Rudia kukagua kesho yake asubuhi, kabla farasi hajatoka bandani. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, au kano ikionekana imetuna kama upinde ukiitazama kwa ubavuni, mwite daktari wa mifugo hata kama farasi hachechemei. Kano iliyoumia mara nyingi haimfanyi achechemee, au huchechemea siku moja tu. Wakati mkimsubiri daktari, farasi asimame bandani, na mguu upozwe dakika 20 kila mara, mara 2 au 3 kwa siku.