Kioo kinapobisha hodi

Laptopu ilikuja na boti kutoka Pemba, imeviringwa kanga mbili ndani ya mkoba wa skuli. Mwenyewe, maalim wa Chake Chake, alishanipigia simu kabla boti haijafunga gati Malindi. "Kijana wangu, hiyo kompyuta ina vituko. Nikiifunga na kuifungua papo hapo, kiza tupu. Nikenda zangu kuswali nikarudi, inawaka kama haina neno."

Maneno hayo yalinipa nusu ya jibu kabla sijashika bisibisi. Kioo kibovu hakichagui saa. Kinachowaka baada ya kupumzishwa kina tatizo la muda, na muda hauuzwi dukani Darajani.

Kumbe kioo cha asili kilivunjika, fundi mmoja akampachikia kingine: inchi zile zile, soketi ile ile ya pini 30, kampuni nyingine. Kazi safi, simlaumu. Ila mashine yenyewe ni ya prosesa ya ARM na inaendesha Linux. Kwenye laptopu za Intel, habari nyingi za namna hii kerneli, yaani kiini cha Linux, huzikuta kwenye jedwali lililoachwa na fimwea, programu inayoiwasha mashine. Kwenye ARM nyingi kerneli haiwezi kupapasa bodi ikajua kuna nini. Lazima iambiwe, na inaambiwa kwa mti wa vifaa, faili la maandishi linalosema chipu ipo wapi, umeme unatoka wapi, waya gani unakwenda kwa nani. Wazo lenyewe ni la zamani, limetoka Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994. Baindingi ni kanuni za kuuandika mti huo. Siku hizi zinaandikwa kwa YAML, muundo wa maandishi ambao kompyuta inaweza kuukagua, na ukikosea, amri ya `make dtbs_check` inakusuta hapo hapo.

Sasa, mti wa mashine ya maalim ulikitaja kioo cha zamani kwa namba yake ya modeli. Draiva, kipande cha kerneli kinachoendesha kioo, ikisoma jina hilo inakwenda kwenye jedwali lake, inachukua vipimo na nyakati za kioo kile, na inavitumia kwa imani kamili kwa kioo ambacho sicho. Kiwango cha eDP, njia inayounganisha bodi na kioo cha laptopu, kinataka kioo kikizimwa umeme kikae angalau milisekunde 500 kabla ya kuwashwa tena. Kwenye mstari wa kioo cha zamani muda huo haukuandikwa, na chenyewe kilivumilia. Hiki kipya hakivumilii. Ukifunga na kufungua haraka kinapata umeme kabla hakijatulia, basi kinanuna.

Ungeweza kubadili jina la modeli ukaandika la kioo kipya. Mimi sipendi. Kesho kitavunjika na hiki, atawekewa cha tatu, turudi pale pale. Viwandani nako, laptopu za modeli moja hutoka na vioo vya kampuni mbili tatu tofauti, kulingana na mzigo uliopatikana. Kutaja kioo kimoja kwenye mti ni kuandika uongo kwa nusu ya mashine.

Kioo cha eDP kinajua kujitambulisha. Kina EDID, baiti 128 za mwanzo zenye jina la kampuni, namba ya bidhaa na vipimo vya picha, na zinasomwa kupitia njia ndogo iitwayo AUX. Chukua baiti ya nane na ya tisa, ukihesabu kuanzia sifuri. Ukikuta 06 AF, ziandike kwa biti, acha ya kwanza, kata zilizobaki tano tano: 00001, 10101, 01111. Yaani 1, 21, 15. Hesabu herufi za alfabeti ya Kiingereza: A, U, O. Baiti ya 54 na 55 zina kasi ya pikseli. Ukiona 2E 36 zisome kinyumenyume, 362E, ambayo ni 13870, na kila moja ni kilohezi 10, kwa hiyo megahezi 138.7. Zidisha 2080 kwa 1111 kwa 60, hesabu ya kawaida ya kioo cha 1920 kwa 1080 pamoja na nafasi tupu za pembeni, utafika karibu na hapo hapo. Kwa nini basi mtu ayaandike tena haya kwa mkono?

Tatizo ni kwamba kioo hakisemi mpaka kiwe na umeme, na kikishapewa umeme hakisemi papo hapo. Hapo ndipo pana utamu wa kazi hii. Kuna waya mmoja, HPD, ambao kioo huunyanyua kikiwa tayari. Mimi huuita waya wa hodi. Kerneli inawasha umeme, inasimama nyuma ya mlango, inasubiri hodi, ndipo inasema karibu na kuanza kuuliza jina. Lakini kuna vioo vinavyotoa hodi ya uongo umeme ukiingia tu, na kuna bodi ambazo waya wa hodi haukufungwa popote. Muda wa kusubiri kwa hali hizo mbili lazima uwe kwenye mti, kwa sababu unahitajika kabla hujajua mgeni ni nani. Unaandika muda unaovitosha vioo vyote vinavyoweza kupachikwa pale. Mengine yote yanangoja kioo kijitaje.

Nikaandika hivi:

```
aux-bus {
    panel {
        compatible = "edp-panel";
        power-supply = <&umeme_kioo>;
        backlight = <&taa_nyuma>;
        hpd-reliable-delay-ms = <15>;
        port {
            kioo_ndani: endpoint {
                remote-endpoint = <&edp_nje>;
            };
        };
    };
};
```

Umeme, taa ya nyuma, waya wa picha, na muda wa kutoamini hodi. Jina la kampuni halimo, wala upana wa picha. Kumbuka pia kwamba mti huu haukuandikwa kwa ajili ya Linux peke yake. U-Boot, programu ya kuwashia bodi, inausoma; FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, inausoma. Ukiandika "draiva inataka hivi" wakaguzi wa kerneli watakurudishia, na wana haki. Andika bodi ilivyo.

Tahadhari moja, hasa kwetu sisi wa pwani. Kuna neno `no-hpd`, la kusema waya wa hodi haupo. Nililetewa laptopu kutoka Nungwi yenye dalili karibu na hizi, na mtu alishaliingiza neno hilo kwenye mti, kikawaka. Nilipofungua soketi, pini ya hodi ilikuwa kijani kwa chumvi. `no-hpd` ni kwa bodi iliyotengenezwa bila waya huo. Kutu inasafishwa kwa spiriti na mswaki, na mti unaachwa useme kweli.

Ya maalim ilipowaka na mti mpya, kerneli ikalalama kwenye logi kwamba kioo hakijulikani, inatumia nyakati za tahadhari: milisekunde 2000 za kupumzika baada ya kuzimwa, 200 za kuwasha. Kwa lugha nyingine, sikujui, basi nakwenda nawe polepole. Nikamrudishia mashine kwa boti ya asubuhi. Jioni akapiga simu, nikamsikia anafunga, anafungua, anahesabu kwa sauti. "Moja... mbili... Eeh, hii hapa. Lakini mbona inajivuta?"

"Maalim, nipe siku chache. Namba ya kioo chako ninayo. Naongeza mstari mmoja kwenye jedwali la draiva, utahesabu nusu."

"Nusu ya moja nitahesabuje?"

Mstari huo nimeshauandika, ndio kwanza naukompaili.