Tungamo la hewa ni nini, na mvua huzaliwaje linapokutana na lingine?

Hewa ikitulia siku kadhaa juu ya eneo kubwa lenye sura moja, iwe bahari, jangwa au barafu, huchukua tabia ya mahali hapo. Ya baharini hujaa unyevu, ya jangwani hukauka, ya nchi za barafu hupoa na kuwa nzito. Hewa ya namna hiyo, yenye joto na unyevu unaokaribiana kwa mamia au hata maelfu ya kilomita, huitwa tungamo la hewa. Ikisafiri huenda na tabia zake, japo hubadilika njiani: ikivuka bahari hunyonya maji, ikipanda mlima huyamwaga.

Matungamo mawili yakikutana hayachanganyiki upesi. Baina yake hubaki mpaka unaoitwa fronti. Jina hilo limetoka vitani. Mtaalamu wa hali ya hewa Vilhelm Bjerknes na wenzake wa Bergen, Norway, walijenga nadharia hii mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wakafananisha mpaka huo na mstari wa mbele wa majeshi.

Cha kushika hapa ni uzito. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo ikisonga mbele hujipenyeza chini ya ile ya joto kama kabari na kuiinua ghafla. Hewa inayopanda hupoa, mvuke wake ukawa matone: mawingu marefu, radi, mvua kubwa ya muda mfupi, kisha baridi. Wakazi wa Cape Town wanaijua vizuri fronti hii, hasa Juni hadi Agosti. Hewa ya joto ikiwa ndiyo inayosonga, hupanda polepole juu ya mgongo wa ile baridi. Hapo mawingu mepesi hutangulia, na mvua huwa ya rasharasha, ya saa nyingi.

Lakini Tabora au Mombasa usitarajie fronti za aina hii. Karibu na ikweta matungamo yanayokutana yote ni ya joto, hakuna lililo zito la kujipenyeza chini ya lingine. Kwetu mvua hutokana zaidi na pepo kugongana. Kaskazi huja kutoka upande wa Arabuni, kusi hutoka Bahari ya Hindi ya kusini. Ndizo pepo zilizoleta majahazi ya Oman pwani yetu na kuyarudisha. Zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Mahali hapo watabiri wetu hupaita ukanda mvua.

Ukanda huo hulifuata jua, na hapa ndipo kalenda ya mkulima inapoeleweka. Maeneo ya karibu na ikweta hupitiwa mara mbili kwa mwaka: ukishuka kusini huleta vuli, ukirudi kaskazini huleta masika. Dodoma, Mbeya na Songea ziko karibu na ukingo wake wa kusini, ambako kwenda na kurudi huungana, hivyo zina msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili.

Tungamo la tatu husahauliwa mno: hewa nyevu ya misitu ya Kongo. Upepo wa magharibi ukipata nguvu, huisukuma mpaka Kigoma, Kagera na magharibi mwa Kenya, na huko mvua hunyesha hata pwani ikiwa kavu.