Moyo mkubwa wa mtoto mwenye selimundu

Mama anaingia kliniki na bahasha ya kaki. Ndani yake kuna eksirei ya kifua, na kwenye karatasi ya majibu maneno mawili yaliyomnyima usingizi: moyo mkubwa. Swali lake tumelizoea. "Daktari, mwanangu ana tundu kwenye moyo?"

Mara nyingi hana. Moyo wake umetanuka kwa kazi.

Chembe nyekundu ya damu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe hizo, wengine husema sikoseli) huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na uboho hata ukizalisha usiku na mchana haufui dafu. Ndiyo maana wekundu wa damu kwa wengi wao hucheza kwenye gramu 6 hadi 9 kwa desilita. Damu hiyo ni kama uji mwepesi: ili mtoto ashibe, lazima umwongezee bakuli. Moyo nao hujaa damu zaidi na kusukuma zaidi kwa kila pigo, mwaka hadi mwaka, mpaka chemba ya kushoto inapanuka. Daktari akisikiliza kifua husikia mvumo, na mara nyingi ni wa damu hiyo nyepesi inayopita kwa kasi. Hata hivyo usikisie, mtoto apigwe eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Kuwa na selimundu hakumkingi mtu na tundu la kuzaliwa nalo.

Majibu ya eko nayo yana mtego wake. Familia huona nguvu ya kusukuma ni asilimia 65, wakafurahi, na wakati mwingine hata sisi madaktari tunaishia hapo. Lakini moyo una kazi mbili, kubana na kulegea, na wa selimundu mara nyingi huanza kushindwa kwenye kulegea. Kuta hukakamaa, damu huingia kwa shida, huku ile asilimia ikibaki nzuri. Muulize daktari kuhusu kulegea. Kwa mtu mzima, uliza pia kasi ya damu inayorudi nyuma kwenye valvu (mlango wa damu) ya upande wa kulia wa moyo. Ikifika mita 2.5 kwa sekunde au zaidi, huenda presha ya mishipa ya mapafu imepanda na anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Namba hiyo peke yake haithibitishi ugonjwa. Tena ipimwe akiwa hana maumivu, kwa sababu katikati ya maumivu makali presha hiyo hupanda na majibu yanapotosha.

Nyumbani, angalia mabadiliko. Kijana aliyekuwa akipanda kilima cha shuleni bila kusimama sasa anapumzika mara mbili. Anataka mito miwili ndipo alale. Jioni miguu imevimba, soksi zimeacha alama. Hayo mlete kliniki mapema. Akizimia, au homa ikija pamoja na kifua kubana na kupumua haraka, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu damu ya kuongezewa, ndugu wengi hutaka iingie haraka na iwe nyingi. Moyo uliokwisha kutanuka unaweza kuzidiwa, maji yakajaa kwenye mapafu, kwa hiyo muuguzi akiipunguza kasi hajazembea. Isitoshe, kila chupa huja na chuma cha miligramu 200 au zaidi, na mwili hauna njia ya kukitoa. Anayeongezewa mara kwa mara apimwe akiba ya chuma. Dawa ya selimundu iitwayo haidroksiyurea hupunguza kuvunjika kwa chembe na hivyo kuupunguzia moyo mzigo. Msiiache kwa kuwa tu mmeambiwa moyo ni mkubwa, na msiianze wala kubadili dozi bila vipimo vya damu.

Na karatasi za eko za zamani zihifadhiwe kwenye bahasha ile ile ya kaki. Mkija nazo, tutaweza kupima chemba ya mwaka huu dhidi ya ile ya mwaka juzi.